Ile Kubwa Ameivaa Bibi Yako

Ihanda, Karagwe,
Kupitia kwa Katekista Sibomana,
Novemba 17, 1993.

Mpendwa mjukuu wangu Gosbert, mume mwenzangu,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini naitikia mapema nisije nikanyimwa haki yangu na uvivu wa posta. Hujambo huko Mtwara? Kifua chako kile kinachokusumbua wakati wa mvua kimetulia? Unalala vizuri? Unakula nini, maana Yustus aliporudi kutoka kwako alituambia huko kwenu ndizi ni kitu cha kumnyamazisha mtoto, na mwanamume mzima anakaa mbele ya muhogo na kumshukuru Mungu. Pole sana. Mafundi wenzako wa redio hawajambo? Wasalimie, waambie mzee wako wa Ihanda anawauliza hali, hata wale wasiokurudishia bisibisi zako.

Sisi huku tupo. Sisemi wazima, nasema tupo. Magoti yangu yananung'unika kila ninapokaa na kila ninapoinuka, kwa hiyo siku hizi nasimama katikati. Nimechoka, Gosbert. Huu si uchovu wa jembe. Wa jembe naujua, unalala nao na asubuhi umeshakwenda zake. Huu wa sasa unaamka kabla yangu, unakaa kando ya kitanda unanisubiri nivae suruali tuanze siku pamoja.

Kahawa ilizaa kiasi, mvua ya mawe ikaila kiasi, na ushirika ukala iliyobaki, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Migomba ya upande wa kisimani ina wadudu. Senene wameanza kuanguka, na shangazi yako Kemirembe amekukaangia kopo zima. Nitalifunga pamoja na barua hii. Ukiona limepungua usiwalaumu watu wa basi, njia ni ndefu lakini ilianzia mkononi mwangu.

Sasa nikupe habari za mali yako.

Ile hedifoni kubwa uliyompa Yustus atuletee ilifika salama siku ya Pasaka, imeviringishwa ndani ya shati ambalo Yustus anasema ni lake na mimi nasema ulinitumia mimi. Kesi hiyo bado inaendelea. Kwa hiyo sasa nina hedifoni tatu, zote ulizonitumia wewe, zote mali ya wateja wako walioleta redio zao kwa fundi wakasahau kuzifuata. Mungu awape kusahau zaidi. Katika Ihanda yote, labda mpaka Kaisho, hakuna mzee mwenye masikio yanayobadilishiwa nguo kama yangu. Watu wananiuliza, mtu mwenye masikio mawili anataka tatu za nini? Nawajibu kwamba katekista ana kanzu ya Jumapili, suruali ya kibanjani na koti la msibani, na hakuna aliyewahi kumwuliza ana miili mingapi.

Ile ndogo ya sikio moja, iliyokuja na redio ya mfukoni, ni ya mahali ambapo mtu anatakiwa aonekane yupo. Kanisani. Kwenye kikao cha ushirika. Msibani, wazee wanapoanza kupimiana vibanja kwa maneno. Waya naupitisha ndani ya mkono wa koti, sikio naliegemeza kiganjani kama mtu anayezifikiria dhambi zake. Sikio la pili namwachia mwenye kusema, akiniuliza jambo nisishikwe.

Lakini hata hiyo imenitia aibu, na afadhali uisikie kwangu kabla Yustus hajakuandikia. Jumapili moja padri alichelewa, pikipiki yake ililala kwenye tope huko njiani, misa ikaanza jua limeshapita utosini. Baada ya misa ukaja mnada wa sadaka kama kawaida, mayai, maboga, mikungu ya ndizi. Mimi nipo benchi la nyuma, kiganja shavuni, na mpira umeanza redioni. Katekista Sibomana ameshika jogoo juu, anataja bei. Timu yetu ikafunga. Mkono wangu ukapaa wenyewe, Gosbert, sikuutuma. Sibomana akasema, mzee Gaudiosus kapanda. Nikaushusha haraka. Wakafunga la pili, ukapaa tena. Watu wakaanza kupiga makofi, wakaona mzee mgumu leo ameguswa moyoni. Nilirudi nyumbani na jogoo. Na jogoo mwenyewe ni yule tuliyempeleka sisi wenyewe asubuhi. Alipofika uani alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria lake la maji, akanywa, akanitazama.

Ya pili, ile ya upinde wa bati wenye sponji za rangi ya chungwa, sponji moja panya ameila. Hiyo nimeiweka kwa ajili ya shangazi yako. Tangu aachane na yule mwanamume wa Kaisho na kurudi nyumbani, Kemirembe ana maneno ya ndoa nzima ambayo hakuyasema kule, na anayatolea hapa. Akianza, navaa. Waya naupeleka mfuko wa shati, kichwa nakitikisa polepole.

"Baba, unasikiliza nini?"

"Taarifa ya habari."

"Saa hizi?"

"Ya nchi za nje. Kule saa zao ni nyingine."

Mfukoni hamna redio. Mna kikopo changu cha ugoro tu. Kazi ya ile ya sponji si kuleta sauti, ni kuzuia. Usimwambie. Ni binti mwema, na ndiye anayetupikia.

Ya tatu ndiyo hiyo kubwa, yenye vikombe viwili vya kufunika sikio zima, kama vipande vya kibuyu kilichopasuliwa katikati. Siku za kwanza niliivaa mwenyewe kwa redio kaseti, nikajiona rubani wa ndege. Halafu siku moja bibi yako alinikuta nimeivaa, akanivua kichwani bila kuomba, akaivaa yeye ili anicheke. Unajua masikio ya Stephania yalivyo tangu ile homa. Sisi tunampigia kelele kama watu wanaovushana mto, naye anashika neno moja anatupa mawili. Kaseti ilikuwa inacheza kanda ya kwaya ya kigango, na mimi nilikuwa nimeifungulia sauti mpaka mwisho.

Alisimama. Akashika ukuta. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya siku hizi inayofika mpaka kisimani, "Hawa wanaimba wapi?"

Nikamwonyesha kaseti. Akakaa chini na kuanza kuimba nao sauti ya pili, ile aliyokuwa akiiimba usichana wake, nje kabisa ya njia, mbuzi wakaacha kula wakamtazama. Nilitaka kumtania nikashindwa. Nilikwenda kuzigeuza betri nilizoanika juani.

Toka siku ile, ile kubwa si yangu tena. Naye baada ya wiki chache akauliza swali ambalo nilijua lingekuja: "Gosbert naye yumo humu?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mwambie aingie." Nikakuandikia mwezi wa saba, urekodi sauti yako kwenye kanda utume. Nikakuandikia tena mwezi wa tisa. Hukujibu hata moja. Najua mvua zinakata barabara za huko, najua posta. Najua pia vijana. Lakini hapo ndipo neno kubwa la barua hii linapoanzia, kwa hiyo kaa vizuri.

Mwezi wa kumi, mwanzoni, nilikuwa kibarazani na ile ndogo sikioni, nasikiliza matangazo ya vifo ya saa saba. Unajua nayasikiliza kila siku, si kwa huzuni, ni kwa kuhesabu nani nimempita. Nikasikia: Ndugu Kashaija wa Rugu, Karagwe, amefariki dunia, habari ziwafikie wanawe walioko Dodoma na Mbeya. Kashaija wetu. Amekufa hapo Rugu, na habari yake imezungukia Dar es Salaam ndipo ikanirudia mimi Ihanda.

Kashaija unamjua kwa jina, nimemtukana mbele yako tangu ukiwa mdogo. Ndiye aliyepeleka pombe ya rubisi kwa baba yake Stephania kabla yangu, na mzee akainywa yote kisha akanipa binti mimi. Tangu hapo tukikutana mnadani ananiuliza, "Mke wangu umemlisha leo?" nami namjibu, "Nimemlisha, anakusalimu, amelisahau jina lako." Maisha yetu yote, Gosbert. Hatukuwahi kusalimiana kama watu. Nikachomoa ile ndogo sikioni, nikaiviringisha waya, nikaitia mfukoni. Nikaenda nyuma ya nyumba, penye mibuni. Nikalia. Sijui kilinitoka wapi. Nilimlilia yule mpumbavu, na nilijililia mwenyewe, maana sasa katika rika letu hakuna aliyebaki wa kunitukana vizuri.

Nilipogeuka bibi yako alikuwa amesimama pale na kikapu chake cha maharage, ananitazama.

Tangu tuoane hajawahi kuniona nalia. Hata tulipomzika baba yako nilitazama chini tu. Akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikasema, sijasikia kitu, moshi umeniingia. Hakukuwa na moto popote. Kumtajia Kashaija sikutaka. Ungekuwa wewe ungetaka mkeo akae sebuleni anamlilia mwanamume aliyemtaka kabla yako? Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Uchovu wangu ndiyo siku hizi umekuwa hivyo, kila neno nalipeleka kesho.

Yeye hakungoja kesho. Alihesabu mambo yake: barua za Gosbert zimekatika, mzee anasikiliza vifo, mzee amechomoa waya, mzee amelia. Jioni akamwambia Kemirembe kwa sauti iliyowafikia majirani wote, "Mume wangu mdogo amekufa, na mkubwa ananificha."

Nilimwambia ukweli asubuhi yake. Nilimwambia kwa kupiga kelele, ni Kashaija, Kashaija wa Rugu. Akasema ninazua. Tukapata nafasi kwenye Land Rover ya misheni, nikampeleka mpaka Rugu, akaona kaburi bichi kwa macho yake, akawapa mkono wafiwa, akalia vizuri kabisa, nami nikavumilia. Njiani kurudi nikadhani yamekwisha. Akanigusa goti, akasema, "Kashaija amekufa kweli. Lakini kwa Kashaija wewe hungelia."

Ningemjibu nini? Kwamba nilimpenda? Dereva alikuwa anasikiliza.

Wewe unajua watu husema nini juu yangu, kwamba mzee Gaudiosus hashindwi kitu. Basi nikafanya ujanja wangu, na hapa ndipo nilipoharibu. Niliichukua redio kaseti nikaingia nayo migombani, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikaigiza sauti yako. Nakuigiza vizuri, hata Yustus nilimjaribia akacheka. Nikasema, "Shikamoo bibi, mimi Gosbert, niko mzima huku Mtwara, kazi nyingi, nisamehe." Nikakohoa kidogo kama ukohoavyo. Nikaweka na salamu za jumla.

Nikamvalisha ile kubwa. Alisikiliza amefumba macho, na uso ukaanza kufunguka, nikaanza kujisifu moyoni. Halafu ukafunga. Akairudisha kanda mwenyewe, siku hizi anajua vitufe vyote, akasikiliza tena. Akaivua taratibu.

"Gosbert ananiita bibi?"

Hapo nikajua nimekamatwa. Wewe unamwita mke wangu, tangu ulipoanza kusema. Nilikumbuka hata nilipokuwa nasema, lakini ulimi ulikataa kumwita mke wangu kwa sauti ya mwanamume mwingine. Ni wivu wa kijinga.

"Na huko Mtwara," akasema, "Kemirembe amekwenda lini?"

Ilikuwemo, Gosbert. Nyuma ya sauti yangu, mbali lakini safi kabisa, shangazi yako anamfukuza mbuzi kwenye maharage na kumwita kwa majina yote ya yule mume wake wa Kaisho. Mimi sikumsikia wakati narekodi, nimezoea kutomsikia. Kikombe cha ile hedifoni kilimletea bibi yako kila neno.

Hakunikasirikia. Ningefurahi angenikasirikia. Alisema tu, polepole, "Mtu aliye hai haigizwi sauti." Akainuka, akalichukua jembe lake, akalitundika ukutani.

Unakumbuka desturi yetu, hata kama Mtwara imekufundisha mengine. Kukiwa na msiba, hakuna anayegusa udongo mpaka maiti azikwe. Bibi yako ametandika nyasi sebuleni, analala hapo chini, jembe liko ukutani. Sasa tazama mtego alioutega. Mfiwa hushusha jembe baada ya mazishi. Wewe hujazikwa, na kwa maoni yangu hujafa, kwa hiyo jembe litashuka siku gani? Palizi ya maharage imepita. Magugu yamefika magotini. Felicitas jirani yetu, ambaye hana akili nyingi ila ana adabu, naye ameacha kulima upande unaopakana na sisi, anasema hawezi kulima mbele ya mwenzake anayelia. Mumewe ananitazama vibaya njiani. Wanawake wanakuja na maharage na kuni, wanakaa, wanampa pole, naye anaitikia pole kwa sauti ile. Mimi napita katikati yao nikisema yu hai, yu hai, nao wananiitikia kwa huruma kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Matanga yako yameshaanza, mjukuu wangu, umekosekana wewe tu.

Katekista Sibomana alikuja kuniuliza kwenye nia za misa akuweke upande gani, wa wazima au wa marehemu. Nikamwambia akuweke mlangoni kwanza.

Hayo nayasema kwa kucheka kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Lakini hali yenyewe si ya kucheka. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Kanga ile uliyomtumia inamzunguka mara mbili sasa. Kumpeleka Kayanga kwenye simu ya posta ni bure, simu haina vikombe vya kufunika sikio. Kusomewa barua hataki. Anasema karatasi haina koo, na msomaji ni mimi. Nilimwambia asome Sibomana, akasema Sibomana nilimnunua pamoja na jogoo.

Ni sauti yako tu, ndani ya ile kubwa. Hakuna dawa nyingine.

Kwa hiyo ukiisoma hii, fundi, acha redio ya mtu uliyonayo mezani, mwenyewe atasahau kuifuata. Chukua kanda mpya, si ya miziki ya kurekodiwa juu yake, maana anasikia kila kitu kilichobaki chini. Sogea karibu. Sema polepole. Usiweke muziki. Mlango uache wazi ili kelele za huko ziingie, wauza korosho, pikipiki, watu wanaogombana kwa lugha yao ya huko, vitu ambavyo mzee wa Ihanda hawezi kuvitengeneza migombani. Mwite kwa jina lako unalomwita. Mimi nitavumilia.

Na jambo moja zaidi. Amemwambia Kemirembe kwamba siku ulipoondoka kulikuwa na neno alilokunong'oneza pale penye njia panda, wakati mimi natafuta kamba ya kufungia sanduku. Anasema wewe hai utalitaja, na mwingine hawezi. Litaje. Mimi sitavaa. Hata akitaka kunisikilizisha nitakataa. Muwe na lenu.

Sasa nikuambie langu, halafu nimalize.

Nawaambia watu yu hai, yu hai, kwa sauti kubwa kila siku. Lakini ile ndogo ya sikio moja sijaivaa tangu mwezi uliopita. Nimeitia kwenye kikopo cha ugoro nikafunga. Kemirembe ameniuliza, nikamwambia waya umekatika. Waya ni mzima. Ikifika saa saba nakwenda migombani, nakaa huko mpaka matangazo yaishe kwenye redio za jirani. Mimi niliyekuwa nahesabu nani nimempita, siku hizi sitaki kusikia jina la mtu yeyote wa Karagwe likitajwa. Basi ujue hivyo. Bibi yako analia waziwazi, mimi nina kikopo.

Kama unaumwa, rekodi hivyo hivyo na kukohoa kwako, kukohoa kwako anakujua kuliko mimi. Kama umefungwa, sema umefungwa, tutauza mbuzi. Kama umeoa Mmakonde na unaogopa kuniambia, mlete, tutamfundisha kumenya ndizi, akishindwa tutamchekea kwa upendo. Na kama barua hii imefunguliwa na mkono mwingine, ndugu yangu usiyenijua, nakuomba kitu kimoja: usiipeleke habari redioni. Mwandikie Katekista Sibomana, aje kwa miguu yake aniambie mimi kwanza. Namngojea kila nikimwona anapita, na kila akipita bila kuingia nampenda zaidi.

Basi. Nilisema sitaandika hivyo, kalamu imekwenda.

Kemirembe anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna wanaume wasikivu. Felicitas anakusalimu, ingawa yeye anasema Mungu akupumzishe. Yustus anakusalimu na shati langu amelivaa. Jogoo hajambo, hatujamla, ameshanunuliwa mara moja na sadaka hailiwi ovyo. Wasalimie wote wa huko wanaokupa chakula. Mungu akutunze kifua na mikono, akuondolee umeme mbaya kwenye nyaya za watu, akulinde uje utuzike sisi kwa zamu inayostahili, mimi kwanza, halafu mkeo.

Nakuandikia hii nimekaa mlangoni, mchana, na yeye yuko mbele yangu juu ya nyasi. Ameivaa ile kubwa. Waya umelala mapajani mwake, haukuchomekwa popote, kaseti iko kabatini. Nilidhani amejifunza kwangu, kwamba anawakwepa wanawake wa pole. Nikainama, nikainua kikombe kimoja, nikamwuliza anasikiliza nini na hamna kitu humo. Akautoa mkono wangu, akakirudisha kikombe sikioni, akakibana kwa kiganja.

"Nyamaza," akasema. "Asije akaanza nikawa nakusikiliza wewe."

Basi anza, mume mwenzangu. Tumenyamaza.

Wako akupendaye na kukuonea wivu,

Babu yako Gaudiosus.